Kadibodi Chini ya Trekta

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Baba Mkubwa Efraimu huenda nyuma ya banda la ng'ombe, hupiga goti moja, kwa sababu lingine halikunji vizuri tangu ajali, na kuvuta kipande cha kadibodi kutoka chini ya trekta. Hukielekeza kwenye mwanga akakitazama kama mtu anayesoma barua. Kisha hukirudisha palepale, akikisukuma kwa ncha ya fimbo mpaka kikae sawa chini ya giaboksi, ndipo huenda kukamua.

Nimekaa naye hapa Machame mwaka mmoja na miezi mitatu, tangu nimalize chuo na kuanza kusubiri ajira ya ualimu. Karibu muda wote huo trekta lilikuwa limekufa, halina hata tone la oili ndani. Kadibodi ilivutwa na kutazamwa vilevile.

Ni trekta dogo la bustani, na rangi yake ya kijani imebaki kwenye mikunjo tu. Lililetwa zamani kukata majani kwenye uwanja wa nyumba ya wageni ya kanisa, na Baba Mkubwa ndiye aliyeliendesha kwa miaka ishirini na miwili. Nyumba ile ilipofungwa, akapewa trekta liwe kiinua mgongo chake. Watu walicheka. Mtu ametumika maisha yake yote, analetewa nyumbani mashine ya kunyoa majani, na kihamba chake, shamba linalozunguka nyumba, ni migomba na kahawa mpaka mlangoni! Yeye aling'oa visu, akalitengenezea tela la mbao, na kuanzia siku hiyo mkewe, Mama Mkubwa Ruth, hakubeba tena majani ya ng'ombe kichwani kutoka shamba la chini, mzigo aliokuwa ameubeba tangu alipoolewa. Alikaa kwenye tela juu ya magunia, akawapungia watu mkono kama bibi harusi. Trekta aliliita mke mwenza. "Mke mwenzangu ameshakunywa?" aliuliza asubuhi, kwa kuwa mumewe alilihudumia hilo kabla hata ya kunywa chai.

Mke mwenza huyo alivuja. Sili moja ya giaboksi, ule mpira unaozuia oili isitoke, ilikuwa imechakaa, na ya saizi ile haikupatikana Moshi wala Arusha, kwa hiyo kila usiku yalidondoka matone mawili matatu. Baba Mkubwa aliyasoma kwenye kadibodi akajua hali ya mashine yake. Yakiwa matatu, safari ipo. Yakizidi matano, spana kwanza.

Krismasi ya mwaka juzi baba yangu, Jacob, ambaye ni mdogo wake wa pekee, alipanda nasi kutoka Dar es Salaam. Alitaka kulijengea kaburi la bibi ukingo wa mawe. Siku mbili tatu baada ya sikukuu, Baba Mkubwa akiwa kwenye kikao cha usharika, baba aliliwasha trekta bila kumwuliza mtu akaenda kusomba mawe mtoni. Alilipandisha juu ya jiwe. Tumbo la giaboksi likapasuka ufa wa urefu wa kidole, na oili yote ikamwagika. Baba hajui mashine, anajua makaratasi ya bandarini. Aliwahi kuona madereva wakiziba tangi linalovuja kwa sabuni ya kipande, basi akaja jikoni kuniomba sabuni, nami nikampa nikidhani anataka kunawa mikono. Aliukandika ule ufa, akalifuta tumbo lote kwa tambara hadi likang'aa, akalirudisha trekta mahali pake. Alikusudia kusema. Alfajiri iliyofuata tulianza safari ya kurudi Dar, na alikuwa hajasema.

Asubuhi hiyohiyo Baba Mkubwa alimpakia mkewe kwenye tela wakaanza kuteremka kwenda shambani. Barabara inapokunja juu ya mfereji, giaboksi ile kavu ilikamata. Magurudumu ya nyuma yalisimama ghafla, tela likasukuma kutoka nyuma, na vyote vikaingia korongoni. Baba Mkubwa alivunjika goti. Mama Mkubwa hakufika hospitali.

Simu ilitukuta Korogwe. Baba alisimamisha gari pembeni, na ni pale kando ya barabara ndipo aliponiambia ile sabuni ilikuwa ya nini.

Msibani alikiri mbele ya ukoo wote. Baba Mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu umefungwa, na hakusema neno. Krismasi iliyofuata baba hakupanda.

Mwezi wa kumi mwaka huu alimtuma Mzee Mathew, mzee wa kanisa, alete isale. Kwetu, jani la isale lililofungwa fundo likiletwa na mtu anayeomba msamaha, halikataliwi, hata kama kati yao ipo damu. Baba Mkubwa alilipokea kwa mikono miwili. Aliniambia nimpakulie mzee mtori, wakazungumza habari za kahawa, na mgeni alipoondoka akalichomeka jani lile kwenye mwamba wa banda la trekta. Simu hakupiga. Kila Jumapili baada ya ibada baba alinipigia mimi akiuliza jambo lilelile, Baba Mkubwa amesema nini, nami nikajibu kwamba hajasema. Jani lilipokelewa, lakini baba aliogopa kupanda kwa ajili ya jani. Alitaka neno kabla ya Krismasi.

Mwishoni mwa Novemba Baba Mkubwa alianza kulifungua trekta. Nilidhani anataka kuliuza chuma chakavu, kama wote walivyomshauri. Boliti alizipanga kwenye makopo, na kila kopo likawa na alama yake ya chaki. Giaboksi ilipotoka tuliiosha kwa dizeli, na ndani ya ufa, pale ambapo joto la giaboksi halikufika, kulikuwa bado na sabuni. Aliitoa kwa msumari, taratibu, akaipangusa kwenye suruali. Mimi niliangalia pembeni.

Tuliipeleka mjini kwa pikapu ya maziwa, kwa fundi Melkior, ambaye karakana yake iko karibu na reli. Melkior ni mtu wa maneno mengi. Alimwamkia Baba Mkubwa shikamoo, akaligeuza lile boksi mara mbili, akauliza kama mashine hii ilikuja na Wajerumani wa kwanza au wa pili. Kisha akafanya kazi kwa uangalifu ambao sikuutegemea. Alitoboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kutembea. Aliuchimba kwa grinda, akalipasha boksi zima juu ya mkaa, akachomelea kipande kifupi, akakigongagonga kwa nyundo ndogo, akasubiri, akachomelea kingine.

"Chuma cha kumimina ni kama mama mkwe," aliniambia. "Huwezi kumharakisha kumkasirisha, wala huwezi kumharakisha kumtuliza."

Alipomaliza alilifukia boksi kwenye pipa la majivu lipoe polepole hadi kesho yake. Akajifuta jasho, akauliza kuhusu ile sili, na alipoambiwa kwamba ni kuukuu na itaendelea kuvuja, akacheka.

"Iache ivuje, mzee. Mashine ya zamani ikiacha kuvuja usipeleke sadaka ya shukrani. Fungua utazame, oili imekwisha."

"Najua," Baba Mkubwa alisema. "Mimi mwenyewe huwa nawaambia watu hivyo."

Akatoka nje. Nilimkuta amesimama kando ya reli, mgongo ameuelekeza kwetu.

Kesho yake tulilifuata boksi. Melkior alipaka chaki nje ya kovu na kumimina mafuta ya taa ndani, tukakaa saa nzima tukiitazama ile chaki. Haikulowa. Kufunga kila kitu mahali pake kulichukua wiki mbili, maana goti halikumruhusu kukaa chini muda mrefu. Jumamosi iliyopita alimimina oili mpya na kuliwasha. Liliunguruma, likakohoa moshi, ng'ombe wakainua vichwa. Hakulipanda. Alilisikiliza kidogo, akalizima, akaingiza kadibodi mpya chini yake.

Jumapili asubuhi nilimfuata nikiwa na ndoo ya maziwa mkononi. Alipiga goti, akaivuta kadibodi, akaigeuza kwenye mwanga. Matone matatu. Baba angepiga simu baada ya ibada, na sikuwa na cha kumwambia, kwa hiyo nikauliza.

"Baba Mkubwa, baba yangu umemsamehe?"

Hakugeuka.

"Jacob nilimsamehe kabla hatujazika. Mwambie apande." Alipitisha kidole juu ya tone moja. "Asubuhi ile kadibodi ilikuwa kavu, Kindness. Nilidhani amenitafutia sili huko Dar, akanifungia kimyakimya, iwe zawadi ya Krismasi. Nikafurahi. Nikamwita Ruth aje aone."