Moto wa Mwezi wa Sita Ufukweni kwa Bibi

Juzi, katika darasa la wageni huku Denmark ninakoishi sasa, mwalimu alitufundisha sikukuu za nchi yao. Kila aliyoitaja nilikuwa naijua tayari: mikate ya moto ya kuamkia Siku ya Sala, pipa linalopigwa fimbo mpaka pipi zimwagike, lozi inayofichwa kwenye wali wa Krismasi. Wenzangu walidhani nimesoma nyumbani. Alipofika kwenye moto wa mwezi wa sita niliomba ruhusa, nikatoka nje, nikasimama kwenye upepo mpaka kipindi kikaisha.

Nilizijua tangu utotoni, rafiki yangu, kwa bibi yangu mzaa baba, katika kijiji cha ufukweni nje kidogo ya Mwanza. Bibi alikausha samaki kwa moshi. Kutwa alikuwa ameinamia chanja lake, akipuliza kuni, na nguo zetu zote zilinukia sato. Moshi ule ulimpa riziki, ukamwachia macho mekundu kama ya mtu aliyelia usiku kucha.

Nyumba ya jirani alipanga mama mmoja wa Kidenishi, aliyekuja kufundisha wanawake kushona. Tulimwita Mama Cherehani. Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, na Bibi alikuwa hajui hata neno moja la Kizungu, lakini jioni walikuwa wakikaa pamoja wakimenya viazi, wakicheka mambo ambayo sisi hatukuyaelewa. Krismasi ya kwanza alitupikia wali wa maziwa. Lozi hakuipata mjini, akaficha karanga moja. Atakayeipata, alisema, aifiche shavuni, wenzake waendelee kula wakiitafuta. Tulikula mpaka matumbo yakauma. Sufuria lilipokwisha, Bibi akaitema karanga kiganjani, akacheka mpaka akalala ubavu. Zawadi yake ilikuwa kilemba cha kitambaa chekundu chenye vidoti vyeupe. Hakukivua tena.

Ndiyo miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Malori ya viwanda vya minofu yalianza kuja mpaka ufukweni, yakabeba sangara wote, na sato nao wakaadimika. Sisi tukabaki kununua mapanki, vichwa na mifupa iliyokwisha kukwanguliwa nyama. Nyavu zikawa zinatoka tupu. Watu wenye njaa hutafuta wa kumlaumu, na lori halilaumiki. Wakaanza kuyatazama macho ya Bibi.

Mwezi wa sita Mama Cherehani alialika kijiji kizima ufukweni. Jua lilikuwa linazama. Watoto tulikuwa tumekusanya kuni, kila mmoja ana kijiti chenye donge la unga wa ngano la kuoka. Ndipo akaja amekumbatia sanamu ya nyasi, kibibi chenye ufagio, akakisimika juu ya kuni. Kichwani alikuwa amekifunga kilemba. Kitambaa chekundu, vidoti vyeupe; kipande kilichobaki kwenye jora lile lile.

"Huyu ni nani?" akauliza mzee mmoja mwenye nyavu.

"Mchawi!" akajibu kwa furaha. "Ni mchezo tu. Kwetu kila mwaka tunamchoma, anaruka kwenda zake mbali."

Kisha yule mwenye nyavu akapiga makofi. "Kumbe hata Wazungu wanawachoma!" Wengine wakacheka, wakapiga vigelegele, na mmoja mmoja wakageuka kumtazama Bibi. Alikuwa amenishika mkono. "Twende nyumbani, ng'wanawane, mwanangu," akaniambia, na nyuma yetu moto ukaanza kuvuma.

Asubuhi Mama Cherehani alikuja analia. Mtu alikuwa amemweleza kwamba kwetu kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi. Akapiga magoti mbele ya chanja.

"Bibi, sikujua."

"Najua hukujua, mwanangu," Bibi akasema. "Lakini wao sasa wanadhani wamejua."

Tangu siku ile hakuna aliyenunua samaki wake. Mtoto wa jirani alipofariki kwa homa, mawe yakaanza kutua kwenye bati letu mchana kweupe. Baba akamvusha Bibi kwa pantoni ya Kamanga, akampeleka kwa kaka wa Bibi aliyeishi ukweni, Sengerema. Mama Cherehani alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza. Walimkaribisha, wakampa uji, wakamsikiliza, na hawakubadilika. Mkataba wake ulipokwisha aliondoka, akiwa amekonda.

Huko Sengerema Bibi hakutaka kukaribia moto. Alikula alicholetewa, kikiwa kimepoa. Hakumaliza mwaka. Baba alipoomba azikwe kwake, kijiji kilikataa, naye akalazwa kwenye ardhi ya shemeji wasiomjua.

Mwaka jana nilirudi. Chanja hakuna, nyumba hakuna, pana ukuta wa mtu na geti la chuma. Nilimkuta yule mwenye nyavu, mkongwe sasa, amekaa kivulini. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, mama. Wewe ni wa nani?" Nikamtaja Bibi. Akafikiri kwa upole kabisa, akaniuliza Bibi aliishi ng'ambo ipi ya ziwa, maana, alisema, wazee wote wa hapa anawajua, na huyo hajawahi kuwapo.