Bisibisi Sikioni

Usithubutu kumwambia mtu wa gereji za Bukoba kwamba mzee wetu, Ta Kahangwa, alikuwa fundi wa kawaida. Utatukanwa. Miaka thelathini na minane alitengeneza malori ya kahawa, na hakufungua injini hata moja kabla ya kuisikiliza. Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. Ncha anaikita kwenye injini inayounguruma, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. "Konrodi," anasema, yaani ule mkono wa pistoni. Wanafungua, na kweli ni konrodi.

Jioni alimsimulia mkewe, Anatolia, kazi ya siku, na maneno yalipomwishia aligonga meza kwa kijiko. Nozeli mbovu, ile inayopulizia mafuta, inagonga hivi, ta-ta-ta, kavu. Beringi iliyolika inagonga hivi, ndu, ndu, nzito, kutoka chini. "Ndizi zinapoa, waitu," Anatolia alimwambia, kwa neno lile la Kihaya la kubembeleza, miaka yote hiyo.

Kisha masikio yakaisha. Ajabu gani? Sikio halina spea. Akarudi kibanjani kwake Ijumbi, akiwaambia wenzake kwamba anakwenda kupumzika. Uongo mtupu! Alikuwa anakimbia aibu. Malori yalipopanda mlima alisimama kati ya migomba, jembe mkononi, akiyatazama yakipita bila sauti, na roho ilimuuma kama ya mfiwa. Alitamani kusikia injini moja tu, mara moja tu, halafu basi.

Mwezi wa sita Felicitas, binti wa marehemu bosi wake, akapiga simu. Anatolia ndiye aliyepokea, kisha akamfokea mumewe ujumbe kwenye sikio la kushoto, lililokuwa limebakiza kidogo. Lori la baba yake Felicitas linagonga. Mafundi watatu wamelishindwa, nozeli zote zimebadilishwa, na kahawa inasubiri. Wanamtaka Ta Kahangwa.

"Nitakwenda," alisema.

"Utasikia kwa pua?"

"Nitakwenda!"

Kiu hiyo jamani haina akili. Wakapanda basi wote wawili mpaka Bukoba.

Gereji nzima iliweka zana chini kwa heshima alipochomoa bisibisi yake. Injini ikawashwa. Akakita ncha, akabana mpini, akafumba macho. Hakuna kitu. Mpini ulitetemeka tu sikioni. Angeweza kubahatisha, wangemwamini. Lakini akikosea, injini itavunjika mlimani na mzigo mgongoni, na dereva ana watoto. Akafumbua macho.

"Sisikii," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani. "Miaka mitatu sasa sisikii kitu."

Felicitas akashika mdomo. Mafundi wakatazama chini. Lakini Anatolia alijifunga kanga vizuri, akainyakua ile bisibisi, akaubana mpini sikioni mwake. Kwa mkono wa pili akashika kiganja cha mumewe.

Kahangwa akaelewa. Akaiongoza ncha kwenye silinda ya kwanza. Anatolia akamgonga kiganjani kama alivyosikia, kwa kifundo cha kidole, kwa wepesi. Ya pili, wepesi vilevile. Ya tatu: ndu. Ndu. Nzito, kutoka chini, kama kijiko mezani. Kahangwa akalegeza bomba la nozeli ya tatu ili silinda hiyo ikose mafuta na isibebe mzigo, na kidole cha mkewe kikatulia.

"Konrodi ya tatu," alisema. "Fungueni chini."

Walipofungua, beringi ya konrodi hiyo ilikuwa imelika mpaka shaba inaonekana. Mafundi wakapiga makofi na vigelegele vya kiume visivyo na mpangilio. Yeye aliona mikono tu.

"Nimeisikia, Anatolia," alisema, machozi yakimtoka. "Nilivyoililia injini, leo nimeisikia."

Anatolia akaliinamia sikio la kushoto, akapaza sauti hadi gereji yote ikasikia. "Na mimi je? Miaka mitatu unalilia injini. Sauti yangu hukuikosa?"

Mbele ya watu wote, jambo ambalo mwanamume wa Ijumbi halifanyi, Kahangwa akaweka kiganja chake chenye oili kwenye koo la mkewe, akafumba macho.

"Sema tena," alimwomba. "Polepole."

"Ndizi zinapoa, waitu," Anatolia alisema.