Kabla Binamu Hajasema Aiwa

Kilichoninyima usingizi majuma yale si joto la chumba chetu cha mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, wala mikoromo ya wenzangu. Ni swali moja: nimwambie binamu yangu apinge hukumu yake, au aridhike nayo? Nikilala upande wa kushoto niliona heri apinge. Nikigeuka, niliona nitamwongezea kifungo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Binamu, mtoto wa shangazi yangu, alikuwa dereva wa familia moja ya Jeddah. Siku moja, mtaa wa Ghulail, alimpa lifti mama mgonjwa aliyeomba kufikishwa zahanati. Polisi wakawasimamisha. Mama hakuwa na ikama, kibali cha kuishi nchini, na kumsafirisha mtu wa namna hiyo huku ukijua hana, ni kosa. Walipomuuliza binamu kama alijua, alisema aiwa. Ndiyo. Walipomuuliza kama anaelewa anachoulizwa, aiwa tena. Wakampa karatasi, akatia dole gumba.

Sikuhitaji kuelezwa kwa nini. Sisi tunaofanya kazi huku hujifunza neno hilo kabla hatujajua kuomba maji. Bosi akisema jambo usilolielewa, unajibu aiwa kwanza, kisha unakwenda kumuuliza mwenzako kasema nini. Mimi mwenyewe niliwahi kuitikia aiwa nikajikuta nimekubali kufanya kazi sikukuu nzima. Ukisema hujaelewa unaonekana mzito, na ukisema hapana unaonekana mkaidi. Aiwa ndiyo iliyotutunzia kazi zetu. Binamu alikwenda nayo hadi kituo cha polisi, kisha mahakamani.

Akahukumiwa mwaka mmoja, halafu arudishwe kwao. Kilichobaki kilikuwa kikao cha kukabidhiwa nakala ya hukumu, ambapo hakimu angemuuliza: umeridhika au unapinga? Akisema ameridhika, faili linafungwa. Akipinga, anapewa muda wa kuandika sababu na kesi inakwenda mahakama ya rufaa.

Na mimi ndiye mwanasheria wa ukoo. Nilihitimu sheria nyumbani Kenya, nikakosa kazi, nikaja Riyadh kulinda ghala. Wenzangu huniita Wakili wa Geti.

"Wakili, huyu paka ameingia bila kibali," mmoja aliniambia siku zile. "Tumshtaki ama tumsamehe?"

"Mpeni mkalimani kwanza," nilijibu, wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshinda nikisoma kanuni za huku kwenye simu, nikizitafsiri kipande kwa kipande, na hapo ndipo nilipokuwa nimekwama. Mshtakiwa asiyejua Kiarabu ana haki ya kupewa mkalimani. Binamu hakupewa. Nililisoma hilo mara mbili. Kisha nikajiuliza: hakimu ataaminije kwamba hajui Kiarabu, wakati kila swali amelijibu kwa Kiarabu?

Dada yake, mfanyakazi wa ndani huko huko Jeddah, hakuwa na muda wa maswali yangu. Wafungwa wenzake binamu walikuwa wamemwambia kwamba msamaha wa Ramadhani huwapata wale ambao kesi zao zimekwisha, na mwenye rufaa hubaki akingoja. Sikuweza kulithibitisha hilo, wala kulikanusha.

"Aridhike tu, atoke, arudi nyumbani," aliniambia kwa simu. "Mama hajui kitu. Akiozea humo ndani utamwambia nini shangazi yako?"

"Dada, sijasema apinge."

"Basi umesema nini? Kila nikipiga ni 'kwa upande mwingine, kwa upande mwingine'. Una pande ngapi, wewe?"

Gerezani binamu aliruhusiwa kupiga namba moja tu, ya dada yake. Kama nilitaka kusema naye, ilibidi niwe pale simu ikiita. Ijumaa ya mwisho kabla ya kikao nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikapanda basi la Jeddah. Njia nzima nilitunga hotuba ya haki kabisa: faida za kupinga, hatari za kupinga, faida za kuridhika, hatari za kuridhika. Nilijiambia nitamwekea yote mezani na kumwachia mwenyewe. Nadhani pia nilitaka pasiwe na wa kunilaumu.

Dada alinipokea Ghulail, kwenye chumba cha marafiki zake anakopumzikia siku yake ya mapumziko, juu ya duka la vitambaa. Alinitilia chai bila kunitazama. Simu ilipoita, akaweka sauti kubwa.

Nikatoa hotuba yangu. Kila nilipomeza mate, binamu aliitikia.

"Aiwa. Aiwa, wakili."

Nikafika kwenye hatari za kupinga. "Aiwa." Nikafika kwenye hatari za kuridhika, zinazosema kinyume chake. "Aiwa, sawa kabisa."

Nikaiacha hotuba. Alikuwa akiniitikia kama anavyomwitikia bosi. Ningemwambia lolote, angelikubali, kisha aende kumuuliza mtu wa kitanda cha jirani nilisema nini.

"Usiniambie aiwa," nikasema. "Yule mama, ulijua hana ikama?"

Nilisikia watu wakigombania zamu ya simu nyuma yake.

"Nitajuaje, bana? Alikuwa anatapika. Unamwomba mtu anayetapika ikama?"

"Na polisi walipokuuliza?"

"Sikuelewa. Nilitaka tu wamalize."

"Ukiridhika, huenda ukatoka Ramadhani, lakini itabaki imeandikwa kwamba ulijua. Ukipinga, huenda ukakaa zaidi. Sijui, na siwezi kukuahidi. Wewe unataka nini?"

Dada aliacha kukoroga chai.

"Nataka waandike kwamba sikujua," binamu akasema. "Hata kama nitakaa."

Basi nikasema lile ambalo sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote. "Pinga. Kabla ya lolote, omba mkalimani. Tufanye mazoezi. Mimi ni hakimu. Umeridhika na hukumu?"

"Aiw..."

"Wee!" dada akapiga kelele. "Utafungwa na ulimi wako, wewe!"

Tukacheka wote watatu, yeye kule kwa pumzi fupi. Tukarudia. Mara ya tatu alisema la, sijaridhika, nataka mkalimani, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo huku. Kisha laini ikakatika.

"Msamaha ukimpita," dada akasema, "itakuwa mimi na wewe."

"Sawa."

Nilimpigia msimamizi wangu Riyadh nikamwambia sirudi kesho. Alisema mengi kwa haraka na sikuyaelewa yote. Nikamwomba arudie polepole. Alipokata, nikamwomba dada karatasi, nikaanza kuandika sababu za kupinga, kwa Kiswahili, nizipeleke kwa mtafsiri asubuhi.