Karavati Si Kijiji

Siku ya kuandika andiko la kuomba ufadhili tulikuwa sita ndani ya ofisi ya kijiji. Wa kwanza mwenyekiti, aliyemwoa binti wa mdogo wangu, kwa hiyo ni mkwe wangu ingawa adabu ya ukwe hana. Wa pili mwalimu mkuu wa sekondari, mgeni asiye na ndugu hapa, ila amepanga nyumba ya huyo mwenyekiti, basi msimhesabu kama mtu anayejitegemea kwa maneno. Wa tatu mama mwenye duka, mwakilishi wa wazazi, ambaye wanawe wote wanasoma shule za bweni Morogoro. Wa nne mzee mfugaji, Msukuma aliyeshuka bondeni na ng'ombe wake zamani kidogo. Kijana wake amemwoa mjukuu wa kaka yangu, tunaitana mkwe. Wa tano mtaalamu wa maandiko, aliyetoka Ifakara mjini kwa pikipiki na kompyuta mgongoni. Huyu ni mjukuu wa mwanamke niliyepakana naye shamba, kwa hiyo ni mjukuu wangu pia, atake asitake. Wa sita mimi, niliyeitwa kwa sababu, kama mwenyekiti alivyosema mbele yangu bila haya, "wafadhili wanapenda kuona bibi."

Majina yao yote ninayo, ya ubatizo na ya nyumbani. Siyaweki hapa. Wakisoma watajijua, kama wanasoma.

Jambo lenyewe lilikuwa basi. Sekondari ya kata iko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kijijini kwetu, barabara ya Mlimba. Kuna wafadhili waliotangaza kwamba watatoa Coaster ya kubeba wanafunzi kwa majaribio ya mwaka mmoja, kwa kijiji kitakachoeleza vizuri shida yake. Shida sisi tunayo ya kutosha. Kueleza ndiko kulikotushinda.

Mimi nilikuwa na mjukuu kidato cha pili. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi Kidatu kwenye miwa, na mtoto nimemlea mimi tangu anaota meno. Kila asubuhi njiani wanasimama wale wa bodaboda. "Panda, mrembo, utalipa siku nyingine." Siku nyingine hiyo tunaijua sisi wanawake. Wenzake wa mwaka juzi walianza kwa lifti, sasa wanabeba watoto mgongoni. Binti yangu alinipigia simu akasema, "Mama, huyu mtoto hawezi kutembea hivi. Basi lisipopatikana, apange chumba karibu na shule kama wenzake." Wenzake! Mtoto wa miaka kumi na tano apange chumba, ajipikie, ajifungie mlango mwenyewe, na dirishani wapite haohao wa bodaboda. Nilimwambia asubiri basi. Kwa hiyo nilipoitwa ofisini nilikwenda mbio, nikanywa soda yao, nikawaamkia watu wasiostahili kuamkiwa.

Ilikuwa mwezi wa nane. Mpunga umeshaingia ndani, harusi kila Jumamosi, kijiji kimejaa. Mtaalamu akafungua kompyuta, akauliza watoto wanaishi wapi. Mwenyekiti akaonyesha dirishani. "Si hawa hapa? Kituo tunaweka hapo mbele ya ofisi."

Nikasema, "Mwanangu, hapo mbele ya ofisi ni sasa. Masika je?"

Wakatazamana kama watu waliosikia mtu amejamba.

Anayetoka nje ya bonde hili pengine hajui, basi nieleze. Mvua zikianza sisi hatukai kijijini. Tunafunga milango kwa kufuli, tunabeba sufuria na kuku, tunahamia mashambani, kwenye dungu. Dungu ni kibanda cha miguu mirefu juu ya maji ya mpunga. Tunakaa huko kupalilia na kuamia ndege wasile mpunga, mpaka tuvune. Watoto wanaosoma wanatokea hukohuko asubuhi, wanapita juu ya kingo za majaruba ya mpunga, na wanaibukia barabarani kwenye karavati la kupitishia maji, ambalo liko mbele ya kijiji, upande wa shule. Basi likiwasubiri ofisini, itabidi warudi nyuma ili wapelekwe mbele. Nani mwenye akili atarudi?

Nikasema waandike vituo viwili: kiangazi ofisini, masika karavatini. Maneno mepesi kiasi hicho, hata mimi niliyeishia darasa la nne niliweza kuyapanga.

Mtaalamu akacheka kwa upole, kile kicheko cha watu wa semina. "Bibi yangu, fomu inasema kituo kiwe kijijini. Karavati si kijiji."

"Na dungu ni nini?"

"Dungu halina sehemu kwenye fomu, bibi."

Mwenyekiti akadakia. "Mama, tukiandika habari za madungu tutaonekana wahamaji. Wafadhili watasema hawa watu hawana makazi." Kisha akamtupia jicho mkwe wangu Msukuma, akajikuna shingo.

Mkwe wangu akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Sema tu, mwenyekiti. Kama Wasukuma, si ndiyo? Mimi ng'ombe wangu wanahama na ninasema wanahama. Nyie mnahama na mpaka kuku, halafu mnaficha."

Mama mwenye duka akaomba tusigombane mbele ya mgeni. Mgeni! Mgeni mwenyewe huyo mtaalamu nimemwona kwa macho yangu juu ya dungu la bibi yake, kaptula imetoboka nyuma, anapiga debe na kupiga kelele ndege wasishuke. Ndege walimzoea mpaka wakawa wanashuka karibu yake. Nilimkumbusha. Akafunga kompyuta nusu, akasema, "Bibi, hayo ya zamani." Si ya zamani. Mama yake mpaka leo yuko hukohuko. Kinachomsumbua ni viatu vyake vya mjini.

Mwalimu mkuu, ambaye kila masika anawachapa watoto wetu kwa kuja na matope miguuni, na kwa hiyo anajua matope hayo yanatoka wapi, alikuwa anasoma lebo ya soda. Andiko likaandikwa. Nikapigwa picha nimeshika daftari ambalo si langu.

Wafadhili walikuja kuhakiki mwezi wa nne, maji yamefika magotini. Tuliletewa habari mashambani kwamba kila mzazi awe kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Nilitoka dunguni na mjukuu wangu, viatu vyake nimevibeba mimi kichwani. Karavatini tukakuta watoto wanaibuka kutoka kila jaruba, wananawa miguu, wanavaa soksi, wanaondoka kwenda shule. Nikamwambia mjukuu wangu, "Nenda na wenzako." Mimi nikarudi nyuma peke yangu mpaka ofisini.

Pale kuna gari jeupe, na mama mmoja wa makamo, mgeni kutoka Dar, ameshika makaratasi. Kijiji kizima kufuli. Walioko kituoni ni watoto wawili wa mwalimu mkuu. Mtaalamu anatazama saa yake, anasema, "Wanakuja, wanakuja."

Mwenyekiti alipoona hawaji, akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasonya. Alikwenda shule ya msingi, akawatoa watoto waliowahi kutoka madunguni kuja kufagia, akawapanga kituoni kwa mstari. Kaptula za bluu, vichwa vinafika kiunoni mwa mgeni.

Yule mama akainama kwa mmoja. "Hujambo? Unasoma kidato cha ngapi?"

"Sijambo. Darasa la pili."

"Na shule yako iko wapi?"

Mtoto akageuka, akainyooshea kidole. Ilikuwa nyuma yake.

Nikajisogeza, nikamwambia mgeni, "Mwanangu, wenye shida wako karavatini, na sasa hivi wameshapita. Andika." Nikaanza kuwataja, dungu kwa dungu: mtoto wa nani, kidato gani, anavuka mfereji upi, yupi alizama mpaka kiunoni wiki ile. Aliandika mpaka ukurasa ukajaa. Halafu akafunika kalamu.

"Bibi, nakuamini. Lakini mimi natakiwa kuhakiki kilichomo kwenye andiko."

"Twende tu ukaone. Gari unalo."

Akatazama saa. Walikuwa na kijiji kingine mchana. Naye namdharau, ila kidogo kuliko wengine, maana yeye aliandika.

Barua ilirudi ikisema uhitaji haukuthibitika. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akasema wazazi hatukutoa ushirikiano, na kwamba bibi mmoja aliwachanganya wafadhili. Mtaalamu hakuja. Nasikia anaandikia vijiji vingine, na kila andiko lina kituo mbele ya ofisi.

Binti yangu akapiga simu. Sikumwachia aanze. Nikamwambia, "Chumba kipangwe. Lakini mtoto halali peke yake."

Mpunga nilikuwa nimeuacha unatoa maziwa, punje bado changa, na ndege wa mwaka huu wametokea wengi. Mkwe wangu Msukuma aliniazima vijana wake waamie kilichobaki, watu wa ng'ombe wakipiga debe juu ya dungu la Mndamba kama mimi. Mwenyekiti alipita akawaona, akajikuna shingo, akaenda zake. Mimi nilibeba godoro, sufuria mbili na jembe kwa mazoea tu. Sasa nakaa hapa karibu na shule, chumba cha mwisho, mlango unaotazama choo. Wale wa bodaboda walisimama dirishani siku mbili za kwanza. Nikawaita kwa majina yao na majina ya mama zao, wakaenda kusimama kwingine.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Kama kuna niliyemsahau ofisini siku ile, au kama ni mwalimu mkuu aliyewafuata wale watoto wa msingi na si mwenyekiti, anayejua aje anisahihishe, nitafuta niandike upya. Aje tu kabla jua halijazama, maana jioni mtoto anasoma.