Jirani Aliyekuja Kuomba Moto

Bado naikumbuka Jumatatu ile, mvua za kupanda zikianza, nilipompoteza mke wangu Konsolata hospitalini Mbarara. Tulimrudisha Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, tukamzika. Majirani walilala kwangu mpaka matanga yalipokwisha, kisha wakarudi mashambani. Nikabaki peke yangu.

Mwanangu, nilikuwa kijana, sikujua kwamba mtu anaweza kusahau kula. Sikulia wala sikumlaumu Mungu. Niliacha tu kuwasha moto, na maharage yakakaa guniani. Nilidhani ni uchovu, kumbe nilikuwa nakwisha.

Asubuhi moja Mama Venansia, mjane mzee wa nyumba ya pili, alisimama mlangoni na kipande cha chungu mkononi.

“Siriyako, nipe moto.”

“Sina, mama.”

“Mwanaume mzima hana moto? Basi washa, ninangoja.”

Nikawasha kwa aibu. Alichukua kaa moja, akaenda. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu akavuta kigoda, akaketi.

“Moto mzuri hivi unaungua bure? Weka maharage. Leo ninakula hapa.”

Nilikula kidogo, kwa kumheshimu tu. Akaendelea kuja. Baadaye nilimkuta dukani Base Camp, penye maduka ya kambi, akinunua kiberiti.

“Mama, kumbe kiberiti unacho!”

“Ninacho siku zote. Sasa kiberiti kinaongea?”

Mwenye duka akacheka. Nami nikacheka.

Mtazame mtoto mchanga, mwanangu. Ameshiba, hana homa, na bado analia mpaka abebwe. Ndivyo tulivyoumbwa. Tukikua hatuachi kuhitaji watu, tunajifunza tu kuficha. Kwa hiyo ukifiwa, usijifungie. Na jirani yako akifiwa, usimpelekee pole tu. Mwombe kitu: chumvi, jembe, hata moto. Anayeombwa hukumbuka kwamba bado yupo, na kuna anayemhitaji. Mimi ninaishi kwa sababu mama yule hakuona haya kuisumbua huzuni yangu, na kila siku ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Akujalie nawe watu wa kukubishia hodi bila sababu, na akupe miguu ya kuwafikia wengine.

Siku ile ya kiberiti tulirudi pamoja, nikapika. Katikati ya chakula machozi yakanitoka, mara ya kwanza tangu mazishi. Mama Venansia aliweka kijiko chini, akaningoja, na nilipomaliza kulia tukaendelea kula.