Waya Uliokuwa wa Moto

Wiki iliyopita, nikinyolewa saluni pale mtaa wa Custom, niliona waya mwembamba wa taa ukitoka kwenye jenereta na kuendesha mashine tatu za kukaushia nywele. Mwenye saluni, mama wa Kiganda, aliugusa kwa kidole, akakirudisha haraka.

"Iko moto," alisema akicheka. "Lakini inafanya kazi."

Nimefundisha fizikia miaka mingi. Nilijua waya mwembamba ukibebeshwa umeme mwingi hupata moto hadi plastiki yake iyeyuke. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na haraka.

Jumamosi nilimkuta amesimama mbele ya mabati meusi yaliyoungua. Yeye mzima, saluni hakuna.

"Mwalimu," aliniambia polepole, "wewe iliona ile waya."

Darasani, mwanafunzi aliyeacha swali la waya kama huo bila jibu nilimpa sifuri.