Barua ya Mfalme wa Korea Ilivyofika Louisville

Haya, chekeni mapema mumalize, maana aibu hii nimeibeba mwaka mzima na hapa Columbus kila mtu anaisimulia vizuri kuliko mimi mwenyewe.

Binti yangu Neema aliandika kazi ya shule juu ya msomi wa Korea ya kale, aliyetumwa na mfalme wake kwenda Japani kuomba watu wao waliotekwa na maharamia warudishwe. Nilimsaidia (yaani nilikaa karibu nikinywa chai), na yule mjumbe akaniingia moyoni, anavyobeba barua kwa mikono miwili na haifungui hata kidogo. Bon, wiki hiyohiyo ukoo ukanichagua mimi kupeleka Louisville barua ya posa ya Amani, mtoto wa kaka yangu. Nikajiona balozi kamili. Nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga kwa gundi, nikaiweka mezani, na Neema naye (Mungu anihurumie) akaweka kazi yake ya shule palepale, kwenye bahasha ileile ya kaki.

Njiani Amani akaniambia kwa upole, "Baba mudogo, tufungue kidogo tuone kama ni yenyewe." Nikamkemea nusu ya safari, kwamba mjumbe hafungui barua ya mfalme, donc anyamaze aendeshe.

Tukafika, nikapiga goti na suti yangu mpya, nikamkabidhi Mzee Bahati, baba wa msichana. Akafungua, akaona Kiingereza, akampa Furaha mwenyewe, mchumba, atutafsirie. Akaanza: mfalme wa Korea ana huzuni kubwa. Wajomba wakaangaliana, mmoja akauliza kama tumekuja kuwachezea, Amani akafunika uso, na mimi nikaona ndoa ya mtoto wa watu inanifia mikononi. Nikanyoosha mkono niichukue ile karatasi, Mzee akasema binti amalize kwanza.

Alipomaliza, Mzee akaniuliza, "Sasa bale batu, alibarudisha?"

"Wengi, Baba. Si wote."

Akavua miwani, akaipangusa muda mrefu. Ana mtoto wa kiume waliyepotezana naye vitani, na mimi nilijua, nikasahau. Kisha akasema, "Mutu mwenye kutumwa kutafuta batu, hatumufukuzi. Muende mulete barua yenu."

Jumamosi iliyofuata nikaipeleka yenyewe, nimeifungua mara tatu njiani, na tangu hapo sibebi bahasha yoyote bila kuchungulia ndani. Mzee aliipokea, hakuisoma. Aliiweka kwenye Biblia yake, juu ya ile ya Neema, ambayo hadi leo amekataa kuirudisha.